Weka Pafyumu Kiasi

Mtaani kwetu siku hizi kila mtu anatengeneza sabuni. Kila mtu! Fundi cherehani anatengeneza. Mama chapati anatengeneza. Ukienda kunyoa, kinyozi anakuuzia sabuni ya maji kabla hujainuka kitini, na chenji yako imeshaingia humo humo. Tunaooga tu, bila kutengeneza, tumebaki wachache na hatuheshimiwi.

Mimi sikutaka. Naomba hilo lieleweke mapema. Nilikuwa nimekaa zangu kwenye benchi la duka la Mangi nasoma vichwa vya habari vya bure, mama watoto akapita. Mdogo wake anaolewa. Kikoba chao kimeamua zawadi ya kicheni pati iwe kapu la kuogea la kutengeneza wenyewe. Sabuni za vipande, mafuta ya mwili, makorokoro ya kujisugulia. Akanitazama. "Na wewe si upo tu?" Ndiyo cheo changu tangu kampuni ilipopunguza watu. Nipo tu.

Nikapelekwa darasani. Chini ya mwarobaini, viti vya kukodi, dada mmoja kavaa glavu. Na sisemi uongo, alikuwa makini. Kostiki soda kwa gramu. Maji kwa gramu. Mafuta ya nazi, mafuta ya mawese, kwa gramu. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye kostiki, na usiinamie kuvuta mvuke. Sabuni ukishaikata ikae wiki nne mpaka sita ndipo uiguse. Kwenye sabuni ya maji pia: ungaroli kipimo, salfoniki kipimo, soda ashi kipimo, chumvi ya mawe kipimo. Halafu koroga kuelekea upande mmoja. Nikauliza, je, nikikoroga upande wa pili? Darasa zima likageuka kunitazama. Jibu sijapata hadi leo.

Tukafika mwisho wa karatasi. "Pafyumu: kiasi."

Nikanyoosha mkono. Kiasi gani?

"Kiasi tu, baba. Mpaka inukie."

Mnaona mambo? Vitu vyote vina gramu. Kile kimoja ambacho mtu atashinda nacho kwapani mchana kutwa, kipimo chake ni pua. Na pua yenyewe ya nani? Yangu. Mimi ambaye mama watoto hunipa maziwa ninuse kama yameharibika, halafu anafanya kinyume cha nitakachosema.

Tena pua huchoka. Hili hawakulifundisha. Ukikaa na harufu moja dakika chache, pua inaacha kukuletea taarifa. Unadhani harufu imepotea, unaongeza. Inanyamaza tena, unaongeza. Nyumbani niliongeza hadi mwenye nyumba akatoka chumbani akiuliza nani kamwaga juisi. Mimi hapo hapo juu ya ndoo nilikuwa sisikii kitu. Nilikuwa najiandaa kuongeza.

Hiyo ilikuwa stroberi. Niliinunua Kariakoo. Kuna duka lina madumu ya rangi zote, yameandikwa kwa maka peni. STROBERI. LAVENDA. LIMAO. BEBI. Nikamuuliza kijana, ya kuogea ni ipi? Zote. Ya kudekia? Zote. Ya mishumaa je? "Mzee, pafyumu ni pafyumu, inaenda kote." Nikajikaza, nikauliza ndani yake kuna nini. Akanitazama kwa huruma. "Stroberi." Nyuma yangu kulikuwa na akina mama wana haraka, mmoja akaanza kuguna. Nikaona aibu kuendelea. Akanipimia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, nikatoka kifua mbele.

Sasa nina mtoto wa dada anasoma famasia. Huyu mtoto nimembeba mgongoni, namkumbusha kila tukionana. Akaja Jumapili. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Heshima yangu ya siku ile iliishia hapo. Akachukua kichupa, akanusa kifuniko kwa mbali, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mjomba, karatasi yake iko wapi?"

Karatasi ya nini tena? Pafyumu nayo ina karatasi? Ndiyo, inayo. Wenye viwanda vya harufu duniani wana chama chao kinaitwa IFRA, kipo tangu 1973, na kinatoa masharti. Harufu fulani kwenye mafuta ya kupaka isizidi asilimia hizi. Kwenye sabuni ya kusuuza isizidi hizi. Kwenye mshumaa, hesabu nyingine kabisa. Kichupa kile kile! Kwa sababu mafuta ya kupaka yanalala na wewe na kuamka na wewe, sabuni inaondoka na maji, na mshumaa haupakwi na mtu mwenye akili timamu. Muuzaji wa kweli anayo karatasi ya asilimia zote hizo, ukimwomba anakupa wala hanuni. Ulaya walikaa wakaorodhesha vitu vya harufu, mwanzoni 26, vinavyosumbua ngozi za watu, vikizidi kipimo lazima viandikwe kwenye lebo kimoja kimoja. Na hapa kwetu, mtoto akaendelea bila kupumua, tangu 2019 vipodozi vimehamia TBS, shirika la viwango, kwa hiyo mkiamua kuuza mjiandae kueleza mmeweka nini.

"Kwani umeweka nini, mjomba?"

"Stroberi."

Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Basi nikasema yaishe. Mimi na vya dukani basi. Natumia vya asili, vya mababu, vya shambani, ambavyo havina karatasi wala chama. Nani aliwahi kudhurika na vya asili?

Mama mkwe alikuwa ameshafika kwa ajili ya harusi, katokea Pemba, na mzigoni ana chupa ya mafuta ya makonyo. Kwa wasiojua, karafuu ikishachambuliwa, kile kikonyo kinachobaki hakitupwi. Kinapikwa kwa mvuke mpaka kitoe mafuta. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha kazi hiyo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinaitwa yujinoli, ambacho kimo pia kwenye ile orodha ya Ulaya. Ndicho pia kinachofanya chumba cha daktari wa meno kinukie vile. Kinatia jino ganzi. Mtu mwingine hapo angejiuliza, kinachonyamazisha jino kitafanya nini kwenye ngozi? Mimi nilikuwa bado nanusa.

"Mkwe wangu," mama akasema, "haya makali. Tone."

Nikasema sawa mama, tone. Hakusema mangapi.

Nikamimina kidogo kwenye kikombe cha plastiki, vile vyeupe vya kutupa vya kwenye sherehe, nikaenda kutafuta mizani. Mizani! Siku niliyoamua kupima kwa mizani ndiyo siku yaliyonikuta haya. Narudi, nakuta kikombe kimelegea. Kitako kimelainika, kimekaa upande. Mafuta ya karafuu yanakula baadhi ya plastiki, na ile ilikuwa miongoni mwa hizo baadhi. Mafuta yako mezani. Meza ya mwenye nyumba. Vanishi imeanza kuinuka. Nikatandika kitambaa cha kufuma juu, nikaweka na maua.

Yaliyobaki kwenye chupa nikasema yaende kwenye sabuni. Jamani, sabuni ya karafuu haina subira. Uji wangu ulikuwa laini kabisa, nazungusha upande mmoja kwa nidhamu, nikatia makonyo, nikazungusha mara kidogo, mwiko ukasimama. Nikauachia. Umesimama wenyewe. Watengeneza sabuni wa siku nyingi wanajua kwamba karafuu huharakisha sabuni kuganda hata kabla hujaifikisha kwenye kalibu. Wanajua na wamekaa kimya. Mimi nikabaki na sufuria ya pilau ya mama watoto imejaa jiwe la kahawia, mwiko katikati. Tuliitoa nje ikakaa karibu na karo. Watoto wa majirani walikuwa wanaimba pembeni yake wimbo wa bethidei.

Hapo mtu mwingine angepumzika. Mimi nikawaza, sabuni itakaa wiki zake, lakini harufu si naweza kuipima leo leo? Nikadondoshea makonyo kwenye ndoo ya maji ya kuoga.

Mafuta na maji hayachanganyiki. Hili nalijua, nilifundishwa shule ya msingi, nikafanyia na mtihani. Yalikaa juu ya maji pale, yanameremeta, yananisubiri. Na kopo la kwanza huchota wapi? Juu. Nikajimwagia kuanzia kifuani. Sasa maji yakimwagwa kifuani yanaelekea chini, na njiani yanapita sehemu mbalimbali. Naomba tuishie hapo.

Sekunde za mwanzo ilikuwa baridi fulani nzuri. Nikajisemea, spa hiyo, watu wanalipia. Halafu ukaja moto. Nikaongeza maji. Maji hayaondoi mafuta, yanayatembeza. Yakatembea. Bafu letu ni la wapangaji wote, mlango wa bati, juu wazi, na ilikuwa Jumamosi asubuhi, uani kumejaa wanaofua. Nikawa naruka. Bati likawa linaitikia.

"Mkwe, vipi humo?"

Mama mkwe. Wa watu wote.

"Mama, makonyo!"

"Yamekupata wapi?"

Nikanyamaza. Uani nako mikono ikanyamaza kwenye mabeseni. Hakuna aliyekuwa anafikicha. Palikuwa kimya ungesema kaburini.

"Mama… yamenipata tu."

Akaelewa. Akapaza sauti, niseme asante, kwa faida ya mtaa mzima: acha maji, jipake mafuta ya kupikia, jifute na kitambaa, ndipo uoshe kwa sabuni, maana mafuta huondolewa kwa mafuta. Akasema kweli. Chupa ya alizeti ikapitishwa juu ya mlango. Mkono ulioishika sikuutambua. Ila sauti ya mwenye mkono niliisikia vizuri ikiniuliza: "Na vitunguu nilete?"

Mtoto wa famasia alipoambiwa (na aliambiwa, nani hakuambiwa?) alinitumia hesabu kwenye simu. Makonyo kwenye mafuta ya kupaka, mwisho nusu ya asilimia. Yaani mililita 100 za mafuta ya nazi zinapokea nusu mililita, matone kama kumi. Matone kumi! Mimi yangu yalikuwa yameshaliwa na meza na sufuria. Gome la mdalasini ndiyo usiseme, halifikishwi hata sehemu moja ya kumi ya asilimia. Mchaichai nao una mpaka wake. Kwenye ndoo usidondoshee kitu kabisa, mjomba, nakuomba. Neno "nakuomba" kalirudia.

Kwa watoto nako kuna sheria zake. Nilitaka kutia mkaratusi na mnanaa kwenye sabuni ya wadogo, maana kuna mafua. Akasema mafuta ya mkaratusi na ya peremende hayasogezwi kwenye uso wa mtoto mdogo, yanaweza kumsumbua kupumua. Kafuri ndiyo kabisa, mtoto akiilamba ni hospitali. Mama watoto hakusubiri amalize. Nilipigwa marufuku kukaribia beseni la watoto, hata likiwa tupu.

Nikahamia ndimu. Ndimu, jamani! Ndimu tunakamulia samaki, tunakamulia supu, nani anaiogopa? Nikakamua maganda kwa nguvu zangu zote, yale mafuta yake yakarukia kwenye mafuta ya nazi, harufu ikaja safi hasa. Nikajipaka mikononi. Nikajipaka shingoni, kwa kiganja, nikabana na vidole ili yaingie. Nikatoka kwenda kusubiri daladala saa saba mchana. Daladala za saa saba mnazijua. Jua lilinikuta limejipanga.

Kesho yake shingo inawaka. Siku zilizofuata imepiga weusi. Na weusi wenyewe haukukaa ovyo. Ulikaa pale nilipobana. Kidole gumba huku, vidole vinne kule.

Nikafika kwa Mangi kununua vocha. Akanitazama shingo. Akaangalia pembeni. Akanitazama tena. Akashusha sauti kwa heshima: "Kaka, shemeji kakukaba?"

Nieleze nini? Niseme nilijikaba mwenyewe kwa ndimu? Nilieleza. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Tangu siku hiyo mama watoto akipita wanaume wanampisha njia. Dukani anapewa mkopo bila daftari. Na yeye hajakanusha hata mara moja. Nilimwomba akanushe, akasema atafikiria.

Famasia ikatoa maelezo: kwenye ganda la ndimu kuna viini vinavyosubiri jua tu. Ukipaka ukakaa ndani, salama. Ukipaka ukatoka juani, ngozi inaungua, na weusi unaweza kukaa wiki hata miezi. Mafuta ya ndimu yaliyopikwa kwa mvuke hayana vurugu hiyo, ya kukamua ganda ndiyo yanayo. Limau ya kukamua vilevile, ijapokuwa kwa upole kidogo. Chungwa tamu halina. Chungwa! Kwa Mangi machungwa yalikuwepo, tena rundo bei ya kutupa. Ningenunua chungwa leo ningekuwa mume mwenye shingo.

Kufikia hapo kikoba kikanipokonya madaraka. Mama mkwe akatandika mkeka uani, akaketi na asumini, langilangi, waridi, mrehani, liwa, akaanza kutengeneza singo ya bi harusi. Karafuu zilikuwemo. Nilizihesabu kwa macho kutoka mbali, zilikuwa chache kiasi cha kunikera. Kabla ya yote alimpaka bi harusi kidogo ndani ya kiwiko, akamwambia alale nayo, asubuhi aangalie. Nikauliza kwa nini, maua tu hayo mama. Mtoto wa famasia akadakia kwamba asumini na langilangi nazo zina watu zinaowakataa, na huwezi kumjua mtu huyo kwa kumtazama usoni, unamjua kwa kiwiko, umngoje siku moja au mbili. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Wakatazamana wale wawili, mwanamke wa karafuu na mtoto wa chuo, wakaelewana kabisa. Halafu wakanitazama mimi. Nikaenda kuchota maji.

Na sabuni za kapu? Zilikwenda hivyo hivyo bila harufu. Mafuta ya nazi, mawese, kostiki, muda wake ulipotimia zikafungwa kwa utepe. Siku ya kicheni pati mimi nilikuwa nje nashusha kreti za soda, wanaume hawaingii. Lakini dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia mmoja kachukua kipande, kanusa. Kampa mwenzie, kanusa. Kikazunguka chumba kizima.

"Mbona hainukii?"

"Mume wa dada wa bi harusi ndiye katengeneza."

"Yupi?"

Vichwa vikatokea dirishani, vilemba vya rangi zote. Nikapandisha kola ya shati. Haikufika.

"Aaah," wakasema. "Yule wa kukabwa."

Sasa wewe jirani yangu unayetengeneza, sikwambii uache. Tengeneza, tutanunua, tutafanyaje? Ila andika kwenye chupa umetia harufu gani na kiasi gani, kwa namba, mwandiko wowote tutasoma. Ile "mpaka inukie" ifute kwenye karatasi yako leo. Na wewe wa madumu pale Kariakoo, stroberi yangu ipo, sijui ya kuoga sijui ya kudekia, mwenye nyumba kubwa yenye sakafu ya saruji aje achukue bure. Makonyo pia yamebaki robo chupa. Anayeyataka aje na chupa ya kioo, na maelezo nitampa mimi mwenyewe, asiende kumuuliza mama mkwe.